Mwanafunzi Ninayempa Shikamoo

Jumatatu, 2 Juni

Nilimwomba Mungu mwanafunzi. Niliomba vibaya.

Sifa zote nilizitaja: magoti mazima, mgongo wa kubeba ngazi, mdomo mdogo. Magoti yangu yamegoma tangu Pasaka. Nikipanda dari moja tu, siku inayofuata natembea kama bata. Mke wangu Evaresta akalipeleka ombi langu kwa akina mama wa usharika, na leo saa mbili asubuhi jibu likagonga geti.

Jibu lina miaka sitini na mbili. Limevaa koti la suti na limebeba kauntabuku.

Mwalimu Kaanaeli! Aliyenifundisha hesabu na sayansi darasa la tano. Aliyenichapa viboko vinne kwa kunakili jibu la jirani, ambalo nalo halikuwa sahihi. Amestaafu, mkewe amefariki, watoto wako mbali, nyumba imekuwa kimya. Akaniambia kwamba kwa miaka thelathini na nane alichora umeme ubaoni kwa chaki, betri hapa, balbu pale, mshale katikati, na hajawahi kuugusa hata siku moja. Anataka kuugusa kabla hajafa.

Nikamwambia wengi huugusa halafu ndiyo wanakufa. Hakucheka.

Mdomo wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umekwisha sema "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba, akataka kujua kama jedwali la kuzidisha kwa saba bado linanisumbua.

Sasa mtu uliyempa shikamoo saa mbili, saa tatu utamtumaje akuletee ngazi?

Ngazi nimebeba mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Sekei, kwa Mama Eliud. Kubadilisha swichi ya sebuleni. Kazi ya dakika kumi. Imechukua saa mbili.

Kila nikigusa kitu, kwa nini! Kwa nini swichi inakaa kwenye waya wa moto na si kwenye nyutro? Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii. Mikono inajua. Mdomo haujawahi kuulizwa. Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Akaandika kwenye kauntabuku: Ndivyo ilivyo. Akaweka alama ya kuuliza yenye wino mwingi. Akafikiri. Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya darasani, mwenye nyumba akisikia: ukikata nyutro, taa itazimika lakini moto utabaki pale juu unasubiri, na atakayekwenda kubadilisha balbu atakutana nao.

Mama Eliud akanitazama. Akauliza swichi alizofungiwa mwaka juzi ziko kwenye waya upi. Mwaka juzi nilizifunga mimi. Nikasema ziko sawa.

Nadhani ziko sawa.

Chai ikaja. Ya Mwalimu kwenye kikombe chenye kisosi. Yangu kwenye kikombe cha plastiki cha mtoto, kimechorwa sungura.

Mtu huyu lazima aondoke. Ila aondoke kwa hiari yake, maana Evaresta amekwisha pongezwa kanisani kwa moyo wangu mwema.

Jumatano, 4 Juni

Mpango: dari! Hakuna mzee atakayerudi kazini baada ya kutambaa darini. Nikachagua nyumba mbaya kuliko zote ninazozijua, ya zamani, kule juu migombani, imejengwa na mtu aliyewachukia warefu. Panya humo wana wajukuu.

Nikamwomba Mwalimu kwa adabu zote kwamba leo aanze yeye juu. Akafurahi! Akavua koti, akalikunja, akatafuta pa kuliweka. Mwenye nyumba akatoka jikoni, akaona mvi zimefika katikati ya ngazi. Kelele! Majirani wakachungulia juu ya ua. Mimi ni mtu wa namna gani? Namtuma baba yangu mzazi darini?

Nikapanda mimi.

Saa moja na nusu juu ya magoti. Mwalimu yuko chini na tochi, ananikumbusha nikanyage mbao, siyo jipsamu. Nikamjibu kwamba kutembea nilifundishwa na mama yangu. Hatua mbili baadaye mguu wangu wa kulia ulikuwa sebuleni.

Kisha sauti ya upole kutoka chini.

"Nathanaeli, mguu umefika. Wewe bado?"

Kesho natafuta kipande cha jipsamu. Evaresta amenikanda magoti kwa maji ya moto, akiniuliza kama Mwalimu anapumzika vya kutosha.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango mpya: kumhamishia Mwalimu kwa Gadiel. Gadiel ni fundi mwenzangu. Fulana zake zina jina lake mgongoni. Gari lake lina picha yake, anatabasamu, ameshika balbu kama ameizaa yeye. Tangu alipoingia mjini, wateja wangu wawili kati ya watatu wanamjua. Mzigo ukimwangukia huyo, nitalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi ya ukungu, kijiweni mbele ya duka la vifaa, mafundi tumejikunyata ndani ya majaketi. Nikaanza kumsifia mwanafunzi wangu. Mtulivu. Anaandika kila kitu. Gadiel akaniuliza kama ni mzuri hivyo, namgawa kwa nini.

Nikajifanya nafunga zipu ya jaketi.

Basi wakaanza, kila mtu na la kwake. Ndesanjo akasema mwanafunzi ni mchwa: unaishi naye vizuri tu, siku unaegemea ukuta unakuta imebaki rangi. Wa kwake alikaa mwaka mmoja, akaondoka na koleo na wateja wa mtaa mzima. Gadiel akasema yeye huwafundisha nusu, nusu nyingine atazikwa nayo. Sironka, Mmaasai ambaye huwa haongei, akasema, "Ero, mimi wa kwangu alikwenda kujitegemea tangu mwaka jana. Nikiwa juu ya ngazi bado namwita. Halafu nakumbuka."

Ndesanjo akatema mate. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Gadiel amekataa mzigo. Ila kabla hajaondoka akajisifu kwamba Jumamosi anakwenda Kikatiti kuonana na Mama Princess, aliyejenga ukumbi mpya wa harusi. Umeme wote wa ukumbi, kuanzia sifuri!

Yeye Jumamosi. Mimi kesho.

Ijumaa, 6 Juni

Kikatiti. Jua, vumbi. Mwalimu alikuja nyuma ya pikipiki yangu, kauntabuku ameikumbatia kama Biblia.

Mama Princess, jina lake Hedwiga, ni mama wa sauti kubwa na funguo nyingi. Nilikuwa nimetunga hotuba. Sikufika sentensi ya pili. Alimwona Mwalimu, funguo zikamdondoka, akapiga goti nusu, shikamoo Mwalimu! Kumbe naye alipita mikononi mwake darasa la sita. Kumbe siku hizi Mwalimu ni fundi? Basi kazi imepata mwenyewe, hana haja ya kumsikiliza mwingine. Kisha akanielekezea kidole, akamwuliza Mwalimu kama huyu kijana wake anategemeka.

Kijana! Nina miaka arobaini na tisa!

Mwalimu akafungua mdomo ili aseme kweli. Nikamkanyaga. Akaufunga, akanitazama kwa macho yale ya mwaka ule, ya kumtazama mtu aliyenakili.

Kazi tumepata. Ukumbi uwe tayari Ijumaa ijayo, kwa sababu Jumamosi Princess mwenyewe, binti wa Hedwiga, anaolewa humo.

Tulipokaribia mjini ndipo Mwalimu akasema. Akauliza mama yule nitamwambia lini. Nikasema kazi ikiisha. Akasema uongo ni kama hesabu, ukikosea mstari wa kwanza, mingine yote unaandika bure.

Wiki nzima nitakuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoboa kuta. Nimepitisha mabomba. Nimevuta waya mpaka viganja vimechubuka. Anayesalimiwa ni Mwalimu. Nusu ya Kikatiti ilisoma kwake, na nusu ile nyingine wamesoma watoto wao. Wanakuja na ndizi. Wanakuja na maziwa ya mgando. Wanamsifia kwa kazi nzuri huku wananiruka mimi niliyepiga magoti sakafuni.

Ni wa polepole mno kwenye kazi. Kiungo kimoja cha waya, nusu saa. Lakini viungo vyake, nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma, vimelala kama mwandiko. Kila boksi analofunga unatamani kulifungua tena ulitazame. Kwenye sakiti breka ameandika majina kwa herufi za ubaoni: JUKWAA. MEZA KUU. JIKO. Hedwiga analeta wageni kuangalia herufi. Mabomba yangu, yaliyonyooka kama njia ya kwenda mbinguni, hakuna aliyeyaona.

Jioni tukajaribu taa ya kwanza, ile ya stoo. Aliifunga yeye tangu mwanzo mpaka mwisho. Akabonyeza swichi. Ikawaka. Akazima. Akawasha. Nilihesabu mara kumi na moja. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilikuwa nafundisha kwamba inawaka," akasema. "Sikujua kwamba inafurahisha."

Nikageuka kutafuta bisibisi. Ilikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 12 Juni

Leo Hedwiga amemwambia Mwalimu kwamba harusini atakaa karibu na meza kuu, na atatambulishwa kwa wageni kuwa ndiye fundi aliyeleta mwanga. Kuhusu kijana wake akasema atatafutiwa sahani jikoni.

Sahani! Jikoni! Miaka ishirini na sita!

Nikapata mpango. Huu ni mzuri. Mwalimu alipokwenda kunawa, umeme ukiwa umezimwa wote, nikapanda ngazi nikalegeza waya mmoja kwenye boksi la jukwaani. Boksi alilofunga yeye. Kesho tunawasha mbele ya Hedwiga: ukumbi wote unawaka, jukwaa giza. Mwalimu anababaika. Mimi natembea pole pole, napanda, nagusa, nakaza, mwanga! Hedwiga anauliza, kumbe fundi ni huyu? Hakuna anayeumia. Ni dakika tano tu za ukweli.

Kwa uhakika zaidi nikalegeza na mwingine, juu ya meza kuu. Huo nililegeza kidogo tu, Mwalimu alikuwa anarudi.

Nikashuka, nikaanza kukunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Nadhani ni njaa.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne Hedwiga akaja na ndugu zake. Nikainua swichi kubwa. Ukumbi ukawaka. Jukwaa nalo likawaka! Meza kuu ikawaka! Nilikuwa nimekwisha piga hatua mbili za ushindi kuelekea kwenye ngazi. Nikabaki pale katikati, sina pa kwenda.

Wakapiga makofi. Mwalimu akainua mkono wanyamaze. Darasa lote likanyamaza.

Akasema alifika saa moja asubuhi kukagua kila boksi kabla ya kuwasha, kama alivyofundishwa. Na kwenye boksi la jukwaani, alilofunga kwa mikono yake, alikuta waya umelegea. Ameukaza. Lakini kama asingeukagua, angeuacha vile juu ya vichwa vya watoto watakaocheza. Akasema yeye si fundi, hajawahi kuwa. Fundi ni Nathanaeli. Yeye ni mwanafunzi wa siku kumi na mbili, alikaa kimya mtu alipomdhania makubwa, na kosa ni lake, siyo la mwalimu wake.

Mwalimu wake. Aliniita hivyo, mbele ya watu.

Kisha akanirudishia koleo langu, amelifuta mafuta, amelishika upande wa mdomo ili nipokee mpini. Akasema mkono uliozeeka ukianza kuacha waya wazi, mwenye mkono aujue mwisho wake. Akashukuru. Akavaa koti. Akaenda kusimama barabarani kungoja gari.

Hedwiga akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaomba radhi kwa neno kijana. Akanipeleka kwa ndugu zake mmoja mmoja, huyu ndiye fundi, mtu wa uvumilivu, aliyekubali kumfundisha mzee. Nimealikwa harusini. Nitakaa karibu na meza kuu.

Nimepata kila nilichokitaka. Soda niliyopewa nikaiacha mezani.

Jioni Evaresta amepakua ndizi na nyama. Nimeweka tonge mdomoni, na hapo hapo nikakumbuka. Mbili! Nililegeza mbili! Mwalimu alitaja mmoja! Ule wa meza kuu unagusa kidogo, ndiyo maana taa iliwaka, na waya unaogusa kidogo hupata moto, na juu yake mchana wapambaji wametandaza vitambaa dari nzima.

Evaresta ameuliza kama nyama ina chumvi nyingi.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Kikatiti. Mlinzi akanifungulia kwa heshima, mgeni wa meza kuu.

Ndani, vitambaa vyeupe na vya zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, kama mawingu. Na chini ya mawingu, Mwalimu Kaanaeli. Hakupata usingizi. Alikuja kukagua tena kosa lake.

Nikamwamkia. Nikazima swichi kubwa, nikaegemeza ngazi. Hakuuliza kitu, akaishika isiteleze. Nikapanda, nikatoa pini, nikapenyeza kichwa katikati ya vitambaa.

"Nathanaeli. Boksi hilo nililikagua jana. Nililitazama tu, sikuuvuta waya. Unatafuta nini?"

Nikasema nakagua.

"Unakagua, au unajua?"

Ngazi haikutikisika hata kidogo. Nadhani ingetikisika, ningedanganya. Nikamwambia. La jukwaani ni mimi, na la hapa ni mimi, na sababu ni sahani ya jikoni na kikombe cha sungura na zile herufi zake. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimeelekeza uso kwenye zambarau.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo mkono wangu haukukosea?"

Nikasema haukukosea.

"Hata waya mmoja?"

"Hata mmoja, Mwalimu."

Akaanza kucheka. Mzee alicheka mpaka ngazi ndiyo ikaanza kutikisika. Nikaukaza ule waya, nikauvuta kuuhakikisha, nikashuka, na kwenye kipago cha tatu goti langu la kushoto likagoma. Nikadaka kilichokuwa karibu. Kitambaa. Kikaja na mwenzake, naye akaja na ukoo wake wote. Dari nzima ilitufunika.

Chini ya vitambaa, tumekaa sakafuni kama watoto wanaojificha, akaacha kucheka. Akasema amenisamehe, na si kwa mdomo tu.

"Lakini kazi hii," akasema, "mmoja anashika waya, mwingine anashika swichi kubwa. Nikishika waya nataka nisimfikirie aliyeshika swichi. Wewe nitakufikiria."

Nikaanza kukunja kitambaa kilichokuwa magotini mwangu.

Funguo zikasikika mlangoni. Hedwiga! Sitaandika alichosema, ni mama wa kanisa na leo alikuwa anaozesha. Mwalimu akamwambia fundi alikuja kukaza waya. Ni kweli tupu.

Mpaka saa saba mchana nilikuwa nachomeka pini, wapambaji wananiamrisha kushoto, kulia, juu zaidi. Gadiel, aliyealikwa upande wa bwana harusi, alifika mapema na kunipiga picha. Harusi ilipendeza. Taa ziliwaka zote. Nilikula jikoni, nimesimama.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili asubuhi nilisimama getini. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Saa nne, kijiweni, gari la Gadiel likapita. Kiti cha mbele, Mwalimu Kaanaeli! Ndani ya koti la suti amevaa fulana ya Gadiel, na kauntabuku iko magotini. Gadiel anaongea, Mwalimu anaandika. Sironka amesema Gadiel alimfuata mwenyewe nyumbani jana baada ya ibada na kumwomba. Ameahidi kumfundisha zote, hata ile nusu ya kuzikwa nayo. Ndesanjo anasema ameshajua kwa nini: hakuna mlango huku Meru usiofunguka kwa mzee yule. Leo wameanza kufunga umeme wa shule nzima ya bweni.

Mwalimu alinipungia mkono. Kwa furaha kabisa! Hilo ndilo lililoniua.

Nilipanda dari mbili leo, peke yangu. Kwenye ya pili nikasema "nipe testa", nikanyoosha mkono chini. Nikashuka kuichukua mwenyewe.

Evaresta anasema nina njia moja tu: niende nyumbani kwake, nikae chini, niombe radhi vizuri, nimwambie namhitaji. Namhitaji! Mimi! Anasema mwanaume akijua kosa lake amekwisha pona nusu.

Nimelifikiria sana jambo hili, tangu chai mpaka sasa. Kosa langu ninalijua. Nilimchukua mwalimu wa sayansi.

Mwalimu Maria, aliyetufundisha darasa la pili, amestaafu na yuko Nduruma. Nduruma yote ilipita kwake, na nasikia huko wanajenga mno. Ana miaka sitini na nane, anapendwa na kila mtu. Na alikuwa anafundisha kuimba. Hataniuliza kwa nini.

Kesho asubuhi nakwenda kumpa shikamoo.